Kisu cha Kukunja na Mzee Aliyekataa Kushikwa

Nimewahi kumwokoa mtu ambaye hakutaka nimguse.

Kamba ilikuwa imemnasa mguu inamvuta kuelekea korongoni. Mkono mmoja kashika chuma cha lori. Mkono wa pili kashika kofia.

Kofia haikuwa kichwani. Kaigandamiza usoni.

Kila nikisogea, ananirushia teke kwa ule mguu uliobaki huru.

Nikajiuliza, jamani, huyu mzee ni mwehu au ananichukia mimi?

Jibu nilikuja kulipata kesho yake, na nilipolipata nilikaa chini jikoni nikalia kama mtoto.

Nimekumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu Anyitike juzi kanitumia picha za visu kwenye simu, visu chungu nzima. "Bibi, nataka cha kutembea nacho mfukoni kila siku, na hela yangu ni ndogo. Nichukue kipi?"

Nikamwambia tulia, kwanza nikusimulie. Nikaona bora niandike na wengine msome.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa milimani nje ya Iringa. Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi. Kila siku asubuhi na jioni anapita kwenye mianzi yake anachonga ncha, pombe idondoke kwenye kibuyu. Mtu wa kazi ile bila kisu kizuri anakufa njaa.

Mwaka wa hamsini na nne nikaolewa na Asukile, Mnyakyusa, fundi wa malori aliyekuwa anafanya kazi pale Iringa mjini. Tulifunga ndoa kanisani. Ng'ombe walitoka kwao na wakafika kwetu salama. Baadaye yeye akapata kazi Mbeya mjini, mimi akaniacha kijijini kwao, juu huko ukishapita Uyole, kwenye migomba na baridi. Jumamosi anakuja.

Sasa kwao kuna mila. Wenyewe wanaita kutila.

Mke haruhusiwi kumtazama baba mkwe wake. Hamtaji jina wala hamsemeshi, na kumgusa ndiyo usiseme. Ukisikia anakuja njiani, unaingia kwenye migomba, unajifunika kanga mpaka apite. Na yeye mzee naye anakuheshimu hivyohivyo, anageuza uso.

Kwetu heshima ipo, tena sana. Lakini hii ya kujificha kwenye migomba mimi nilikuwa siijui. Nikajifunza. Sauti yake niliijua kabla ya mwezi kuisha, nzito, ya kukwaruza, anaposali usiku unaisikia nyumba ya pili. Uso wake hapana.

Siku niliyoharibu, niliharibu kwa sababu ya kisu.

Nyumba ilikuwa na kisu kimoja, na mama mkwe kaondoka nacho shambani. Maji yanachemka, ndizi ziko chini hazijamenywa, wageni wamekuja. Nikasema niwahi kwa jirani niazime. Nikachomoka jikoni mbio, kichwa wazi, nikakata katikati ya ua.

Katikati ya ua kumbe mzee kakaa na wazee wenzake.

Nilijitupia kanga haraka, sikuona hata rangi ya koti lake. Lakini wao walikuwa wameshaniona. Mkwe kapita mbele ya baba mkwe kama mbuzi aliyekata kamba, mbele ya wageni!

Nasikia tu maji jikoni yanamwagikia moto.

Jioni mama mkwe akaja, akaketi karibu yangu.

"Mwanangu Lusia, wazee wamesema urudi kwenu ukafundishwe."

"Mama, nilikuwa nafuata kisu tu."

"Najua. Lakini wameshasema. Mahindi yakikauka, urudi. Usiporudi, au ukirudi ukavunja tena, ng'ombe watarudi huku na Asukile ataoa kwingine. Umenisikia?"

Nikasikia. Asukile nilikuwa nampenda, siwafichi. Alikuwa mtu wa kunong'ona na injini kama anabembeleza mtoto.

Basi nikarudi kwetu. Bahati mbaya mama akashikwa na homa ya mapafu, ikabidi nimuuguze. Mahindi yakakauka. Yakavunwa. Mimi bado niko kitandani kwa mama na uji. Hakukuwa na mtu wa kumtuma Mbeya akaseme.

Mama alipoweza kusimama nikafunga mzigo. Nilijua nimechelewa vibaya.

Baba akanisindikiza mpaka kwenye mianzi. Akaniambia hivi:

"Wewe hukukosa adabu. Ulikosa kisu. Pita mjini ununue chako, cha kukunja, kikae kwenye pindo la kanga. Usivuke tena ua wa mtu kwenda kuazima."

"Nitanunua kipi, baba? Hela yenyewe ndiyo hii."

"Kinachong'aa kiache. Kifungue, sikiliza kinavyolia. Lishike bapa ulitikise ubavuni. Kikunje ukiinue kwenye mwanga. Kikishindwa hata moja kati ya hayo, wakikupa bure usichukue. Kisu kinachocheza kwenye kiungo kinamla mwenyewe."

Kaka yangu akanibeba kwa baiskeli hadi Iringa mjini, akanishusha sokoni, akageuza.

Pale nje ya soko kulikuwa na mchuuzi mmoja, Ambrosi, mfupi, mwenye maneno mengi. Meza yake ina vioo, vitana, betri za tochi na visu.

"Karibu dada! Kioo? Kitana?"

"Nataka kisu cha kukunja."

Akanitazama. Kijana mmoja aliyekuwa pembeni na suruali iliyopigwa pasi akacheka. Jina lake nilikuja kulijua kwenye lori, Silvester.

"Mwanamke na kisu cha mfukoni! Unakwenda vitani?"

"Nakwenda kwa mume wangu."

"Basi huyo mume kazi anayo!"

Watu wakacheka. Mimi nikainama kwenye meza.

Ambrosi akanipa kimoja cha mpini wa pembe, kina mabapa mawili, kizibuo na uma mdogo. Kinameremeta. Nikakifungua. Kikafunguka laini mno, bila sauti. Nikalitikisa bapa ubavuni, likacheza kama jino la mtoto. Nikarudisha.

"Dada, hiki ndicho wanachonunua mabwana!"

"Wape hao mabwana."

Silvester akakidaka. "Lete mimi. Watu wengine hawajui vitu."

Akanipa cha pili, cha bati, rahisi kuliko vyote. Nikakikunja, nikakiinua juani. Mwanga unapita kwenye kiungo utafikiri ufa wa mlango. Na ncha ya bapa imejitokeza nje ya mpini. Ukikitia kwenye pindo, kinakuchoma paja. Nikarudisha.

Ambrosi akachoka na mimi. "Sasa dada, unataka kisu au unataka kukagua?"

Hapo ndipo nikamweleza. Nilikuwa na uchungu, nikamwaga yote. Kwamba mimi ni mke wa Asukile fundi malori, kwao juu ya Uyole. Kwamba nilivuka ua kufuata kisu, nikarudishwa. Kwamba nimechelewa kwa sababu mama alikuwa anaumwa, sina aliyenisemea, na huenda nikifika nikakuta nimeshaachwa.

"Kwa hiyo usinipe takataka," nikamwambia. "Hiki kisu kikivunjika, nimevunjika mimi."

Ambrosi akakiweka chini kile cha bati.

Kulikuwa na mzee upande wa pili wa meza, anaangalia majembe. Koti refu jeusi, kofia pana, mgongo ametugeuzia. Nilikuwa hata sijamjali. Nilipomaliza kusema, alibaki kasimama vilevile kama nguzo.

Kisha, bila kugeuka, akanyoosha fimbo yake nyuma, akagonga sanduku la mbao lililokuwa chini ya meza. Ko, ko.

"Mzee, unataka nini humo?" Ambrosi akauliza.

Kimya. Akagonga tena. Halafu akaondoka zake, wala hakutazama nyuma.

"Bubu huyo," Silvester akasema.

Ambrosi akalivuta sanduku. Ndani kulikuwa na visu vibaya kwa sura, mpini wa mti mweusi, bapa moja, vimepakwa mafuta mazito, vimeshika vumbi. "Hivi haviuziki. Watu wanataka vya kung'aa."

Nikachukua kimoja. Kufungua kikanigomea kidogo, kisha kikalia *ta!* Lakini bapa likacheza kidogo. Nikakirudisha, nikajaribu kingine, kikalia lakini bapa lina mkunjo. Cha tatu kikalia *ta!*, nikalitikisa bapa, halisogei. Nikakiinua juani, hakuna mwanga. Nikakiweka kwenye kucha ya dole gumba, kikang'ata, hakikuteleza.

"Hiki."

Bei yake ilikuwa ya katikati, na nauli ilibaki. Nikakifunga kwenye pindo.

Lori la Mbeya lilikuwa la dereva anaitwa Jailos. Abiria tulikaa nyuma, juu ya mizigo. Nilipopanda nikamkuta yule mzee wa kofia, kajibanza nyuma kabisa ya kichwa cha lori, uso kaukabidhi mbao, blanketi mabegani. Safari nzima hakugeuka. Mama mmoja alimpa kiazi, akapokea kwa kupeleka mkono nyuma ya mgongo.

"Huyu ana ndui au ana deni?" yule mama akauliza. Tukacheka. Na mimi nikacheka.

Chimala tukapakia magunia ya mpunga. Utingo akayafunga kwa kamba za katani, mengine yakapangwa hadi ubavuni mwa lori. Mvua ikaanza.

Mbele ya Chimala kuna mahali barabara ilikuwa inapita ukingoni mwa korongo. Siku hizi sijui kama bado ipo. Udongo mwekundu, umeloa, unateleza kama mlenda.

Gurudumu la nyuma likashuka.

Lori likalala upande. Sisi wote tukapiga kelele kwa pamoja, kila mtu na Mungu wake. Magunia ya ubavuni yakaporomoka, yakaning'inia nje juu ya korongo, yanashikiliwa na kamba moja. Na ile kamba, katika kukimbia, ilikuwa imejizungusha kwenye kifundo cha mguu wa yule mzee.

Ikamburuta kutoka kule kwenye kona yake mpaka ukingoni. Akadaka chuma.

Watu wakaanza kurukia upande wa mlima. Jailos akapiga kelele kutoka chini: "Msiende upande wa korongo! Mkienda wawili tu linapinduka! Kateni kamba! Nani ana kisu?"

"Mimi!" Silvester akachomoa cha kung'aa. Alikuwa karibu, akainama, akakandamiza bapa kwenye katani.

Sikuona vizuri. Nilisikia tu kitu kimelia *tik*, na Silvester akapiga yowe. Kiungo kiliachia, bapa likamkunjikia kwenye vidole. Damu. Kisu kikaenda zake korongoni na uma wake na kizibuo chake. Akarudi nyuma anatambaa huku kashika mkono.

Lori likatikisika. Mzee akavutika tena kidogo. Goti lake sasa liko nje.

"Mwepesi mmoja!" Jailos analia. "Mwepesi mmoja tu asogee, polepole!"

Mwepesi pale nilikuwa mimi.

Nikatambaa kwa tumbo juu ya mpunga. Nikafungua pindo, nikakishika kisu kwa meno, nikanyoosha mikono nimshike mzee mguu, nimpunguzie uzito kwanza.

Teke! Likanipata kiganjani.

"Mzee, mimi nakusaidia!"

Akaivuta kofia, akajifunika uso wote. Mtu ananing'inia, mkono mmoja ndio unamshikilia na dunia, wa pili kautumia kuficha uso! Nikasogea tena. Teke lingine.

Nikapandwa na hasira mpaka woga ukaniisha.

"Kama unataka kufa, utakufa siku nyingine!" nikamfokea. "Leo tulia!"

Akatulia. Kisha ule mguu uliokuwa unanipiga ukanyooka, ukagusa kamba pale ilipopita juu ya ubao, mbali na mwili wake. Ukagonga mara mbili. Ko, ko.

Nikaelewa. Kata hapo. Usinishike.

Nikafungua kisu. *Ta!* Nikaanza kukata.

Katani iliyoloa ni ngumu, ninyi hamjui. Haikatiki, unaichana uzi kwa uzi. Bapa linasaga, mvua inaniingia machoni, mkono unateleza, nasubiri lile bapa linigeukie kama la Silvester. Halikunigeukia. Lilisimama kwenye mpini wake kana kwamba vimeundwa kitu kimoja. Nyuzi zikawa zinakatika, moja inajikunja, nyingine inajikunja, na magunia kule chini yanazunguka polepole.

Mzee anahema ndani ya kofia. Nasikia pumzi tu.

Uzi wa mwisho sikuukata mimi. Ulikatika wenyewe, kwa kishindo, magunia yakaenda. Lori likajiinua, likakaa.

Mzee akajisukuma kwa viwiko mpaka kwenye kona yake ileile. Akageukia mbao. Akavuta blanketi.

Ahsante hakuna. Hata kutikisa kichwa hakuna.

"Loo! Mtu gani huyu!" yule mama wa kiazi akasema. "Mtoto wa watu karibu afe, hana hata shukrani! Baba, una moyo wa jiwe?"

"Mwache, mama," nikasema. Lakini iliniuma. Nikajua ni kwa sababu mimi ni Mhehe, mikono yangu inamchafua.

Uyole lori lilipopunguza mwendo, akashuka kabla halijasimama, akapotea kwenye mvua anachechemea.

Nyumbani nilifika jioni nimelowa. Mama mkwe alinipokea mzigo, hakunikumbatia.

"Umechelewa, mwanangu."

"Mama alikuwa..."

"Usiniambie mimi. Wazee wanakaa kesho asubuhi."

Sikulala. Asubuhi Asukile akafika kutoka Mbeya, akanitazama kwa mbali kama mtu anayeaga, akaenda kukaa na wazee uani. Mimi nikajifungia jikoni, kanga kichwani, sikio kwenye mwanzi wa ukuta.

Mzee mmoja akaanza: mkwe huyu kavunja mila, kisha kachelewa bila taarifa, ng'ombe warudi. Mwingine akaitikia.

Halafu ikasikika ile sauti nzito, ya kukwaruza. Baba mkwe.

"Alichelewa kwa sababu anauguza mama yake. Mapafu. Hakuwa na wa kumtuma."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale nyumbani.

"Umejuaje?" wakamuuliza.

"Nimejua. Na ule ua hatauvuka tena. Ana kisu chake."

Kisu kilikuwa kwenye pindo langu. Hakuna aliyekiona tangu nifike.

"Na mguu wako huo umefanyaje?" mzee mmoja akauliza.

"Kamba," akasema. Basi. "Ng'ombe wakae walipo. Mwenye neno aseme." Hakusema mtu.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia, akaniwekea kitu mapajani. Kinoo. Jiwe la kunolea, la zamani, limelika katikati kwa kutumika.

"Baba yako anasema, kamba ya katani inaua makali. Ukinoe kabla hakijalala."

Nililitazama lile jiwe. Nikaona meza ya Ambrosi, na fimbo inagonga sanduku. Nikaona mkono unaopokea kiazi nyuma ya mgongo. Nikaona kofia.

Hakuwa bubu. Angefungua mdomo tu, sauti yake ningeijua.

"Mama," nikanong'ona, "nilimfokea. Nilimwambia atakufa siku nyingine."

"Amesema hakusikia kitu. Masikio yalijaa mvua." Midomo yake ilikuwa inacheza, anazuia kicheko. Kisha akawa makini. "Niambie kweli. Ulimgusa?"

"Sikumgusa. Alinipiga mateke."

"Uso wake uliuona?"

"Sikuuona, mama."

"Basi hujavunja kitu."

Akakaa karibu yangu, akashusha sauti. "Unajua Iringa alikwenda kufanya nini? Alikwenda kudai ng'ombe. Kwa hasira, mwenyewe, bila hata kumtuma mshenga. Asubuhi ya kuja kwenu akapita sokoni kutazama majembe. Akakusikia unachagua kisu. Kwenu hakufika. Akapanda lori akarudi."

Hapo ndipo nilipolia.

Yule mtu angeligeuza kichwa mara moja tu, aseme ahsante kama watu wote, ningemwona. Na ningemwona, ndoa yangu ingeishia palepale kwenye mpunga. Alining'inia juu ya korongo na bado alikuwa analinda nyumba yangu. Na mimi nikadhani ananidharau.

Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, yeye uani, mimi jikoni. Kila msimu wa mahindi nilikuta kinoo kipya mlangoni. Na yeye alikuta ndizi zake zimemenywa vizuri. Hatukusemeshana hata neno moja.

Uso wake niliuona siku anazikwa. Wanawake waliniambia, sasa njoo, umuage. Nikafunua kanga kichwani. Alikuwa Asukile mtupu, amezeeka tu.

Nikamwambia, "Ahsante, baba." Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake, ukiacha lile la kwenye lori.

Sasa wewe Anyitike. Kile cha kwanza kwenye picha zako, chenye vitu kumi na mkasi, kiache. Cha mwisho, kile kibaya cha mpini wa mti, nenda dukani ukakifungue usikilize. Kikilia *ta*, kitikise ubavu. Kisipocheza, nunua, hata wenzako wakicheka.

Na ukikutana na mtu kakupa mgongo, usiwe mwepesi kusema anakudharau. Huenda ana kitu chako anakilinda huko alikogeukia.

Kinoo cha kwanza ninacho. Uje uchukue, kisu chako kisije kikawa butu.